Ritifaa Haina Kosa: Usalama wa Data Huanzia Darasani

Miaka michache iliyopita nilimsaidia mpwa wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha sita, kujaza maombi yake katika mfumo mmoja wa kompyuta. Jina la ukoo wake, kama yalivyo majina mengi ya nchi yetu, lina sauti ile isikikayo mwanzoni mwa neno ng'ombe. Alipoliandika kama lilivyo katika cheti chake, mfumo ulijibu kwamba jina hilo lina alama isiyoruhusiwa. Akaiondoa ritifaa, yaani kile kialama kidogo kinachokaa juu baada ya herufi g, na maombi yakapokelewa. Baada ya miezi kadhaa aliitwa aeleze kwa nini jina lililomo katika maombi silo lililomo katika cheti, na ikambidi aende kuapa mbele ya wakili kwamba watu wale wawili ni mtu mmoja.

Nilipomwuliza mmoja wa watunzaji wa mfumo ule sababu ya katazo hilo, alinijibu kwa neno moja: usalama. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba jibu hilo si sahihi. Kwamba mfumo unaoogopa ritifaa ni mfumo ambao huenda haujajengwa vizuri. Na kwamba dawa yake ni fanksheni chache, fupi, ambazo hata mwanafunzi wa sekondari aweza kuziandika na kuzielewa.

Hapana budi kwanza tukumbushane kwamba ritifaa katika Kiswahili si pambo. Neno ng'oa lina maana ya kutoa kitu pamoja na mizizi yake, ilhali ngoa ni wivu au uchu. Mwandishi anayeiondoa ritifaa hakulisafisha neno, bali ameandika neno jingine. Ndivyo ilivyo pia kwa Chang'ombe ya Dar es Salaam, Mang'ola ya Karatu, Ng'ambo ya Unguja na Murang'a ya Kenya.

Je, kompyuta inaogopa nini? Tuchukue mfano wa ghala la shule. Mwalimu wa zamu ana vikaratasi vilivyokwisha andikwa: "Mpe ...... mfuko mmoja wa unga." Anayetumwa hujaza jina lake katika nafasi iliyoachwa, na mtunza ghala hutii. Siku moja mjanja mmoja anajaza maneno haya: "Juma mifuko kumi, kisha mpe Asha". Karatasi sasa yasomeka: "Mpe Juma mifuko kumi, kisha mpe Asha mfuko mmoja wa unga." Mtunza ghala hakukosea kusoma, wala hapana kufuli iliyovunjwa. Kosa ni kwamba jina, ambalo ni data tu, limeachwa lichanganyike na agizo, na mtunza ghala hana njia ya kutambua mwalimu aliishia wapi na mjanja alianzia wapi.

Hali hiyo hiyo hutokea katika hifadhidata. Nyingi kati ya hifadhidata zinazotumika leo hupokea maagizo kwa lugha ya SQL, ambayo chimbuko lake ni kazi ya watafiti Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM iliyochapishwa mwaka 1974. Katika lugha hiyo, maneno yaliyo data huwekwa kati ya ritifaa mbili. Mwanafunzi anayetaka orodha ya wenzake wanaoishi mtaa fulani huandika programu inayounga vipande vya maneno, na agizo linalotokea huwa hivi:

SELECT jina FROM wanafunzi WHERE mtaa = 'Chang'ombe'

Kompyuta huona kwamba data imeanza kwenye ritifaa ya kwanza na kukoma kwenye ya pili. Kwa hiyo husoma mtaa uitwao Chang, halafu hukutana na "ombe" isiyo na maana yoyote kwake, na kazi yote husimama. Huyu ni mwananchi mwema aliyeandika mtaa wake kwa usahihi. Lakini mtu mwenye nia mbaya hataandika Chang'ombe. Ataifunga ritifaa kwa makusudi, kisha ataongeza sharti ambalo daima ni kweli, mathani kwamba 1 ni sawa na 1, na hapo ataletewa orodha ya wanafunzi wote. Katika mifumo mingine aweza hata kubadilisha alama za mtihani au kufuta jedwali zima.

Hatari hii si ngeni. Ilielezwa hadharani mwaka 1998 katika jarida la elektroniki liitwalo Phrack. Hata hivyo, miaka ipatayo kumi baadaye, wezi waliitumia nchini Marekani kuingia katika kampuni ya malipo ya Heartland, katika wizi uliohusisha namba za kadi za benki zaidi ya milioni 130. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa kwa njia hiyo hiyo habari za wateja karibu 157,000, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000. Yafaa wanafunzi wetu wajue pia kwamba mwaka 2016 kijana wa miaka 17 alikiri mahakamani makosa yanayohusiana na shambulio hilo.

Watu wengi, wakisikia habari hizi, hukimbilia dawa iliyo karibu: kuikataza ritifaa mlangoni. Dawa hii imekwisha jaribiwa kwa kiwango kikubwa. Lugha ya PHP, iliyojenga tovuti nyingi mno duniani, ilikuwa na utaratibu uliotia alama ya mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa iliyoingia kutoka kwa mtumiaji, bila ya kujali data hiyo inakwenda wapi. Matokeo yake yalikuwa kwamba Chang'ombe iliingia ikiwa Chang\'ombe. Ikirekebishwa na kurudishwa mara ya pili, mikwaju ikaongezeka. Hifadhidata zilijaa takataka, na waandishi wa programu walilala wakiamini kwamba wamelindwa. Mwaka 2009 watunzaji wa lugha hiyo waliutangaza utaratibu huo kuwa haufai, na katika toleo la mwaka 2012 wakauondoa kabisa.

Kwa nini ulishindwa? Ni kwa sababu mlangoni hakuna ajuaye data inakwenda wapi. Jina lile lile huenda likaingia katika agizo la SQL, likachapishwa katika ukurasa wa tovuti, au likatumwa kwa simu, na kila mahali pana alama zake za hatari. Ritifaa ni hatari katika agizo la SQL lililoungwa ovyo, lakini katika barua si lolote. Alama ya "ndogo kuliko", ambayo walimu wa hisabati huiandika kila siku, haina neno katika hifadhidata, bali katika ukurasa wa tovuti kivinjari huichukua kuwa mwanzo wa amri.

Mfano wa hatari hii ya pili ulionekana mwezi wa Oktoba mwaka 2005 katika mtandao wa MySpace. Kijana mmoja wa Marekani aliweka katika ukurasa wake amri fupi iliyojinakili katika ukurasa wa kila aliyeutazama. Katika muda usiofika siku moja kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeambukizwa. Wenye mtandao huo hawakuwa wazembe kabisa, kwani walikuwa na orodha ya maneno yaliyokatazwa. Kijana yule alilikata neno moja lililokatazwa katikati na kulipanga katika mistari miwili. Mlinzi wa mlangoni hakulitambua, lakini baadhi ya vivinjari vililiunganisha tena na kulitii. Anayetegemea orodha ya maovu hana budi kuyajua maovu yote, na hilo haliwezekani.

Basi, njia iliyo sahihi ni ipi? Ni kugawa kazi hiyo katika fanksheni tatu, kila moja na mahali pake.

Ya kwanza tuiite kagua. Hii hukaa mlangoni, lakini kazi yake si kuogopa alama, bali kuuliza kama data ina maana. Umri na uwe namba kamili. Tarehe iwe tarehe. Alama za mtihani ziwe kati ya 0 na 100. Jina lisizidi urefu uliowekwa. Fanksheni hii na iruhusu ritifaa, tena ifanye kazi moja ambayo wageni waliotuandikia mifumo hawakuifikiria. Baadhi ya simu siku hizi huandika ritifaa iliyopinda, ilhali baopepe ya kompyuta huandika iliyonyooka. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Kagua na izilete katika umbo moja, ili Murang'a iliyoandikwa kwa simu na ile iliyoandikwa kwa kompyuta zipatikane pamoja katika utafutaji.

Ya pili tuiite tafuta. Hii peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuzungumza na hifadhidata, na kamwe haiungi vipande vya maneno. Hupeleka agizo likiwa na alama ya kuuliza mahali pa data, hivi:

SELECT jina FROM wanafunzi WHERE mtaa = ?

Kisha hupeleka neno Chang'ombe kando. Hifadhidata hulifahamu agizo kwanza, ndipo hupokea data, na lolote litakalokuwamo katika data haliwezi tena kubadilisha agizo. Ni kama mtunza ghala aliyeambiwa: hiki ni kitabu cha maagizo, na hii ni orodha ya majina, lililomo katika orodha ni jina tu, hata likiwa refu kama hotuba.

Ya tatu tuiite onyesha. Hii husimama mahali pa kutokea, pale data inapochapishwa katika ukurasa. Alama ya "ndogo kuliko" huigeuza kuwa < na ritifaa kuwa ' ili kivinjari kizichore kama maandishi bila ya kuzitii kama amri. Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, ugeuzaji huu ufanywe wakati wa kuonyesha tu, wala usihifadhiwe; la sivyo, siku moja mwanafunzi atapewa cheti kilichoandikwa Chang'ombe. Pili, onyesha inafaa katika maandishi ya kawaida ya ukurasa. Anayetaka kuweka data ndani ya anwani ya tovuti au ndani ya programu iliyomo katika ukurasa, ahitaji fanksheni nyingine iliyotengenezwa kwa mahali hapo.

Faida ya kuwa na fanksheni hizi, badala ya kila mwandishi kujilinda kivyake katika kila mstari, ni rahisi kuiona. Zinaandikwa mara moja, zinapimwa mara nyingi, na kosa likigunduliwa hurekebishwa mahali pamoja.

Baadhi ya wenzangu hupinga wakisema kwamba zana za kisasa za kujengea tovuti zinayafanya haya yote zenyewe, na kwa hiyo hapana haja ya kuwachosha wanafunzi. Nakubali kwamba zana hizo zipo na kwamba yafaa zitumiwe. Lakini karibu kila zana ina mlango wa nyuma unaomruhusu mwandishi kupeleka agizo aliloliunga mwenyewe, na asiyejua sababu ya ukuta ataupita mlango huo siku ya kwanza atakapokuwa na haraka. Wengine husema kwamba mwanafunzi afundishwe kwanza njia nyepesi ya kuunga maneno, usalama atajifunza baadaye. Nimefundisha chuo kikuu kwa muda wa kutosha kujua kwamba "baadaye" hiyo haifiki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mazoea ya mwaka wa kwanza ndiyo yanayomfuata mwandishi hadi katika mfumo wa hospitali na wa benki.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa walimu wa sekondari. La kwanza, agizo la hifadhidata lililoungwa kwa vipande lihesabiwe kuwa kosa hata kama programu inatoa jibu, kama vile mwalimu wa kemia asivyompa alama zote aliyepata jibu kwa kuonja asidi. La pili, kila programu ya mwanafunzi ipimwe kwa majina ya kwetu: Chang'ombe, Murang'a, Mang'ola, pamoja na jina moja lenye alama ya "ndogo kuliko" ndani yake. Programu itakayoyapokea, kuyahifadhi na kuyaonyesha bila ya kuyabadilisha, hiyo imefuzu. La tatu, wanafunzi waelezwe wazi kwamba majaribio haya hufanywa katika mifumo waliyoijenga wao wenyewe tu. Kuyafanya katika mfumo wa mtu mwingine bila ya idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania, na Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2018.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda data za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinamtaka mwenye kutunza data zetu azilinde na pia azitunze kwa usahihi. Mfumo uliomkataa mpwa wangu ulishindwa katika la pili kwa kisingizio cha la kwanza. Mjenzi mwenye ujuzi hulazimiki kuchagua kati ya hayo mawili: jina la mtu laweza kuhifadhiwa kama alivyopewa na wazazi wake, na hifadhidata ikabaki salama. Ujuzi huo si mgumu, na mahali pa kuuanzia ni darasani kwetu.