Ukuta Nao Ni Tiba

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maradhi yanayosafiri hewani, hata hivyo, upo upenyo usiofaa kuzibwa: ule unaopitisha hewa safi.

Mnamo mwaka 2006, watafiti walitoa taarifa kuhusu wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupindukia huko Tugela Ferry, Afrika Kusini. Kati yao, 52 walifariki. Wengi walikuwa wamelazwa hospitalini hapo awali, na ikashukiwa kuwa walikofuata uponyaji ndiko walikoambukizwa. Je, lawama imwangukie mgonjwa aliyekohoa au wodi isiyopumua?

Wasanifu majengo wa MASS Design Group walilijibu swali hilo kwa mawe. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa kaskazini mwa Rwanda mwaka 2011, haina ushoroba wa ndani ambamo wagonjwa wangesongamana wakisubiri. Njia zake zimepitishwa nje. Madirisha ni mapana, matundu ya juu hutoa hewa iliyotumika, mapangaboi makubwa huichochea, nazo taa za miale ya urujuanimno huua vijidudu karibu na dari. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya eneo hilo, kwa mikono ya wenyeji.

Wapo watakaodai kwamba usanifu wa aina hii ni anasa ya wenye nazo. Dai hilo halina mashiko. Taa na mapangaboi hugharimu fedha, lakini kutoa ushoroba nje na kuelekeza dirisha upepo utokako ni suala la fikra kabla ya kuwa suala la fedha. Aghalabu kinachogharimu zaidi ni kuiga majumba ya vioo yaliyofungwa, kisha kununua mitambo ya kuleta hewa iliyokuwa ya bure.

Hapa ndipo wanaisimu wanapohusika. Maarifa haya yangali yamefungiwa katika michoro na lugha isiyomfikia fundi mwashi, wala kamati ya shule inayojenga bweni. Mwashi asiyeelezwa kazi ya tundu la juu ataliziba kwa matofali ili kuzuia baridi, akidhani ametenda wema. Kumweleza kwa Kiswahili fasaha na chepesi ni kinga pia. Istilahi zisiishie kamusini. Zifike palipo na mwiko na saruji.