MIFUGO NYUMBANI: Ndama asiuzwe siku anayotengwa na mama

"Amashyo!" Ndivyo wenyeji wetu hapa Muyinga wanavyosalimiana, kutakiana makundi ya ng'ombe. Mwezi huu tuongee juu ya ndama dume anayeandaliwa kwenda sokoni. Kama unafuga kwa kushirikiana na mwenyeji, au kijana wako analisha ng'ombe wa mtu, haya yanakuhusu.

Shida inajulikana. Mtoto anaumwa, au fedha ya shule imetakiwa. Asubuhi ndama anatolewa kwa mama yake, saa nne yuko sokoni. Analia, hali, hanywi. Mnunuzi mzoefu akimwona tu anajua: huyu bado wa maziwa. Anashusha bei, maana atakaa naye wiki mbili akikonda, na pengine atamfia. Hasara hiyo anakuachia wewe.

Kwa nini anaugua? Siku moja amepata mapigo matatu: amekosa mama, amekosa maziwa, amesafiri na kuchanganywa na ng'ombe wageni. Mwili unalegea, kikohozi cha mapafu kinapata nafasi. Akipakiwa lori la kupitia Karuzi mpaka Gitega, ndo kabisa.

Dawa yake ni kutopiga mapigo yote kwa siku moja. Mwachishe nyumbani, kaa naye siku 45, ndipo umuuze. Hata Marekani, wenye ndama wa nyama wengi wanafuata hesabu hiyo ya siku 45. Fanyeni hivi:

1. Mwezi mmoja kabla ya kumwachisha, mzoeshe kula: majani ya matete (urubingo) yaliyokatwa mafupi, majani ya viazi vitamu yaliyonyauka kidogo, pumba kidogo, chumvi, na maji safi kila siku.

2. Punguza kunyonya polepole. Anza kwa kumnyima mara moja kwa siku.

3. Siku ya kumtenga, usimpeleke mbali. Weka ukuta wa miti imara kati yake na mama, waonane na kunusana, lakini asifikie chuchu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ndama waliotengwa hivyo walilia kidogo na kuongezeka uzito kuliko waliopelekwa mbali. Baada ya siku saba hivi kelele zinaisha.

4. Usifanye kila kitu wiki hiyo. Kukata pembe, kuhasi, dawa ya minyoo na chanjo vifanyike kabla, au ndama akishatulia. Muulize veterineri wa komini. Kupe waondolewe wakati wote, kwa sababu ndio wanaoleta ndigana kali.

5. Mwangalie na mama. Kiwele kikiwa cha moto na kigumu, au maziwa yakiwa na mabonge, mwite veterineri haraka.

Banda nalo linasaidia. Sheria ya Burundi ya tarehe 4 Oktoba 2018 ilikataza mifugo kuzurura, ikawapa wafugaji miaka mitatu ya kujiandaa. Basi kama ng'ombe yuko bandani, kuongeza chumba cha ndama pembeni ni kazi ya miti na kamba tu.

Sasa akina mama watauliza: na maziwa ya watoto? Swali zuri sana. Ng'ombe wengi wa asili, hawa Ankole wenye pembe ndefu, hawateremshi maziwa kama ndama hayupo. Ukimwachisha ndama wa miezi mitatu ili umuuze, unaweza kukuta kikombe cha mtoto nacho kimekauka. Kwa hiyo subirini miezi saba au minane, ndama anapokula majani vizuri na maziwa yameshapungua yenyewe. Lakini kama mama ana mimba, mwachishe miezi miwili kabla hajazaa, apate kupumzika. Ng'ombe chotara, kama wale wanaotokana na mbegu za kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Gitega, wengi wanakubali kukamuliwa bila ndama, mradi wamezoeshwa tangu uzao wa kwanza.

Na kabla ya kufunga kamba ya safari, ulizeni kama soko liko wazi. Mwaka 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Burundi, serikali ilisimamisha biashara ya ng'ombe kwa muda. Aliyekuwa na ndama anayejilisha alingoja. Mwenye ndama wa maziwa aliyekwisha kumtenga alikuwa na kilio zizini.

Najua shida haipigi hodi siku 45 kabla. Ndiyo maana jambo hili liamuliwe na baba na mama, na mwenye ng'ombe kama ni wa ubia, ndama akifika miezi sita: tunamuuza lini, fedha ni ya nini, nani atakata majani. Ndama aliyekwisha kuachishwa ni kama akiba. Shida ikija ghafla, anatoka zizini anakula, na nyinyi mnataja bei bila kuona haya.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kupe. Mkae salama, na amashyo kwenu nyote.