Tusimsubiri Samaki Aelee

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, baada ya kuzagaa kwa taarifa za wavuvi wanaomwaga sumu za shambani majini ili wavue haraka. Viwanda vikakosa soko, na tangu hapo ukaguzi wa samaki wa kuuza nje ukakazwa. Ukaguzi huo unamlinda mlaji wa mnofu. Huku kwetu watu hula pia mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya mnofu kuondolewa, na dagaa huliwa mzima, ini na utumbo humo humo. Kupima masalia ya sumu kwenye mnofu na kuhesabu samaki waliokufa ni vipimo viwili vinavyomruka samaki muhimu kuliko wote: yule aliyekwisha kudhurika lakini bado anaogelea.

Tazama shavu la sato aliyekaa kwenye maji yenye kiuatilifu. Likiwa zima, lina safu za vibamba vyembamba mno, na damu hupita karibu sana na maji ili ichukue oksijeni. Sumu ikigusa, utando wa juu huvimba na kubanduka, chembe huongezeka, na vibamba vilivyo jirani hugandana. Kwa namna fulani huko ni kujikinga, kwani sumu sasa ina safari ndefu zaidi kuifikia damu. Ila oksijeni nayo ina safari hiyo hiyo. Ini, ambalo ndilo lenye kazi ya kuvunjavunja sumu, hujaa matone ya mafuta na baadhi ya chembe zake hufa. Sumu za jamii ya pairethroidi, ambazo mkulima huambiwa ni nafuu kwa binadamu, ni kali mno kwa samaki kwa sababu mwili wake huzivunja polepole. Samaki wa namna hii haelei tumbo juu. Anachoka upesi, anakula kidogo, anashindwa kumkimbia sangara. Jaribio la kawaida la maabara, lile la saa 96 linalotafuta kiwango cha kuua nusu ya samaki, humhesabu kuwa amepona.

Watetezi wa utaratibu uliopo husema kwamba dawa nyingi za sasa huoza haraka, tofauti na DDT iliyokuwa ikikaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo cha masalia kinaweza kutudanganya. Sumu za jamii ya oganofosfeti hukamata kimeng'enya cha ubongo kinachozima ishara kati ya neva na neva. Dawa yenyewe inaweza kutoweka majini katika siku chache, huku kimeng'enya kikichukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Mkaguzi akifika kwa kuchelewa atakuta mnofu safi na ubongo ulioumia.

Pingamizi zito zaidi ni la kitaalamu: shavu huharibiwa pia na amonia, vimelea, madini au maji yenye oksijeni haba, kwa hiyo hadubini peke yake haimtaji mkosaji. Nakubali. Dawa yake ni kulinganisha samaki wa juu ya mashamba na wa chini yake, wa kabla ya msimu na wa baada, na kupima kimeng'enya cha ubongo pamoja na kutazama shavu na ini. Mto Simiyu unapita kwenye ukanda wa pamba na kumwaga maji Ghuba ya Speke. Ulinganisho huo unawezekana pale. Vifaa vyake, nta, rangi, kisu cha kukatia tishu na hadubini, ni vya bei ndogo kuliko mitambo ya kusaka masalia.

Mkulima wa pamba anayepigana na funza wa vitumba hapaswi kubebeshwa lawama hapa. Yeye hununua kilichosajiliwa, akakiita dawa kama kila mtu, akajaza bomba lake mahali penye maji, ambapo mara nyingi ni mtoni. Endosalfani iliuzwa kihalali kwa miongo kabla ya Mkataba wa Stockholm kuiweka kwenye orodha ya kufutwa mwaka 2011, ilhali ukali wake kwa samaki ulijulikana zamani. Swali linawahusu wanaosajili. Kibali cha kiuatilifu kinapokuja kuhuishwa, mezani pawepo pia picha za mashavu na maini ya samaki kutoka mito inayopokea maji ya mashamba hayo, na mwenye bidhaa aulizwe kuhusu picha hizo kabla muhuri haujagongwa.