XML Ndani ya Fomu: Kila Tabaka na Kanuni Zake

Fomu za utafiti zinazojazwa kwa ODK Collect au KoBoToolbox huhifadhiwa kama XML, na majibu nayo husafiri hadi kwenye seva yakiwa XML. Fomu ya kawaida ya wavuti ina kanuni nyingine kabisa za kubeba maandishi. Hoja ya toleo hili ni kwamba jibu likiharibika njiani, asilaumiwe aliyejaza fomu. Ilaumiwe programu iliyochanganya kanuni hizo mbili.

Tuseme mkusanyaji data yuko Zombe, mashariki mwa Kitui, na kwenye swali la mifugo ameandika: ng'ombe & mbuzi. XML haikubali & ikae peke yake, kwa hiyo inaandikwa &amp;. Bado haitoshi. Katika fomu ya wavuti, & ndiyo inayotenganisha swali moja na jingine. Ikitumwa hivyo, seva inalikata jibu baada ya ng'ombe, na mbuzi wanaishia kwenye swali ambalo halikuulizwa. Inayofika salama ni %26amp%3B. Namba ya simu inayoanza na +254 ina mtego wake: alama ya + isipofichwa kama %2B, seva huisoma kama nafasi tupu. Kufungua hufuata njia ya kurudi, fomu kwanza kisha XML, kila tabaka mara moja tu.

Waliobuni kanuni za OpenRosa, ambazo ODK inazifuata, walilikwepa tatizo hili kwa busara: XML hutumwa kama faili nzima, kwa jina xml_submission_file, bila kubanwa ndani ya kisanduku cha maandishi. Seva ikishapokea hujibu 201. Mtandao ukikatika kabla ya jibu hilo kufika, simu hutuma tena, na seva hutambua nakala kwa kitambulisho kilichomo ndani ya faili yenyewe.

Herufi za Kikamba nazo zinadai uangalifu. Katika UTF-8, ĩ huchukua baiti 2. Seva ikizisoma kama Windows-1252, Kĩtui inageuka KÄ©tui, na hakuna tahadhari yoyote inayotolewa.

Kwa kusoma, kitumike kichanganuzi halisi cha XML. Wanaokata maandishi kwa kutafuta mabano ya < na > hufanikiwa mpaka siku mtu aandike "watoto <5". Kichanganuzi hukataa hati yenye kosa, kama kanuni za XML za mwaka 1998 zinavyoagiza, na ukali huo ni faida: hati iliyokataliwa inaonekana, iliyokatwa vibaya huingia kwenye takwimu kimyakimya. Kinachobaki ni usalama. Hati ya XML inaweza kubeba tamko linaloiagiza seva isome faili zake za ndani, na baadhi ya maktaba za zamani za programu hutii bila kuuliza. Matamko ya aina hiyo yazimwe yote. Fomu ya kuhesabu mifugo haiyahitaji.