NANI AJUE TULIPO?

Simu ya mkononi husikiwa na minara iliyo jirani. Kwa kupima muda wa mawimbi kuifikia minara kadhaa, mtambo hukadiria alipo mwenye simu. Mwaka 1996 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamuru kampuni za simu ziweze kumwonyesha apigaye 911 yuko wapi. Amri hiyo twaiunga mkono: aliyezingirwa na moto hana nafasi ya kuelekeza njia.

Lakini maarifa hayo ya kuokoa yaligeuzwa bidhaa. Aprili 2024 tume hiyo hiyo ilizitoza kampuni kubwa faini ya karibu dola milioni 200 kwa kuuza habari za walipo wateja bila idhini yao. Nazo zikakimbilia mahakamani. Sisi twasema waziwazi: ajengaye mtambo kama huo, popote pale, aweke kufuli kwanza, na ufunguo akabidhiwe mwenye simu.