Eti Futa Nyimbo Upate Nafasi ya Masomo?

Jamani, muhula mpya umebisha hodi na ushauri ni ule ule: futa nyimbo zako, zote ziko mtandaoni. Napinga!

Tupige hesabu. Wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 4. Nyimbo 1,000 hazijazi hata flashi ya gigabaiti 8. Basi diski inajazwa na nini?

Juzi nikimwandalia mdogo wangu tarakilishi ya chuo, nilikuta folda ya muziki ina gigabaiti 30. Nikaandika programu fupi ya kulinganisha faili kwa yaliyomo, si kwa majina. Zaidi ya nusu zilikuwa zimejirudia! Hizo nilizifuta bila huruma. Lakini humo humo kulikuwa na faili isiyo na jina la maana: kwaya ya marehemu baba, iliyonakiliwa kutoka kaseti ambayo utepe wake umeshakatika. Huo mtandao wenu hauna wimbo huo.

Na vilivyomo navyo havina dhamana. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kupoteza muziki wa watumiaji wake wa takriban miaka 12.

Kwa hivyo mwanafunzi, kabla hujafunga mkoba: futa zilizojirudia, zipe majina zilizobaki, kisha ziweke pia kwenye flashi na uiache nyumbani. Kusikiliza kwa malipo ya kila mwezi ni kupanga, si kumiliki. Mwenye kupinga alete hoja!