Je, Watoto Wale Rufani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Juma lililopita tulikuwa Mayoni, jirani na Mumias katika Kaunti ya Kakamega, kwa mwaliko wa wazee wa msikiti. Sisi watu wa pwani tuna udugu wa kale na upande ule, kwani wafanya biashara wa Kiislamu kutoka kwetu walifika kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, na dini ikaota mizizi huko. Baada ya darsa, mama mmoja aliyekaa nyuma ya pazia alituuliza swali lililotufuata hadi nyumbani.

Mama yule ana watoto watatu. Amemwomba kadhi aivunje ndoa yake, na kadhi akaamuru mume atoe masurufu kila mwezi mpaka kesi itakapokwisha. Mume hakuridhika na kiwango, akakata rufani, na tangu siku hiyo hajatuma hata senti moja. Akiulizwa, hujibu kwamba jambo hilo sasa liko katika rufani. "Sheikh," akasema mama yule, "unga umekwisha. Je, watoto wale rufani?"

Tuanze na sheria ya nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya Waislamu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa huko. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufani Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi na jaji wakiwa washauri wake. Muda wa rufani hiyo ni siku 30, na baadhi ya amri za muda huhitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Basi mume yule hakukosea kukata rufani. Kosa lake ni kudhani kwamba rufani huizima amri. Kanuni zasema wazi kwamba rufani peke yake haisimamishi utekelezaji. Atakaye amri isimamishwe hana budi kupeleka ombi mbali bila kukawia, aoneshe hasara kubwa itakayompata, na awe tayari kuweka dhamana. Mpaka mahakama iseme hivyo, amri i hai na masurufu yanadaiwa.

Ama upande wa dini, jambo ni zito zaidi. Mke aliyeomba ndoa ivunjwe angali mke mpaka kadhi aamue, na masurufu yake yangali juu ya mumewe maadamu hajathibitika kuwa nashiza. Aliyeachwa talaka rejea hupata masurufu na makazi mpaka eda yake iishe. Aliyeachwa talaka bain hupata makazi, na akiwa na mimba hupata masurufu pia mpaka ajifungue. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, masurufu ya mke yasiyotolewa hayafi kwa kupita siku. Huwa deni shingoni mwa mume. Sayyidna Umar (R.A.) aliwaandikia makamanda wake juu ya askari waliokaa mbali na wake zao, akaagiza ama watoe matumizi ama waache, na wanaoacha walipe ya siku zilizopita.

Masurufu ya watoto yana hukumu tofauti, na kina mama wengi hawaijui. Wanavyuoni wetu wamesema kwamba yale ya siku zilizopita hayawi deni ila kadhi awe ameyapitisha, au ameruhusu mama akopee. Kwa hiyo amri ya muda si karatasi ya kupitisha wakati. Ndiyo inayoihifadhi haki ya mtoto isipotee. Mama asikae mwaka mzima akivumilia kimya, kisha aje kudai yote kwa pamoja.

Hata hivyo, tusimdhulumu baba. Tuliambiwa kwamba yeye ni mkulima wa miwa, na mkulima wa miwa hangojei mshahara wa mwisho wa mwezi. Huweza kungoja mwaka na nusu ndipo miwa ikatwe, kisha angoje tena malipo. Ikiwa alikadiriwa kama mwenye mshahara, ana hoja ya kusikizwa. Qur'ani, katika Suratut Talaq, imemwamrisha mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichopewa. Mafakihi nao wakaweka daraja tatu za chakula cha mke kwa siku: tajiri mudi mbili, wa kati mudi moja na nusu, na fakiri mudi moja. Tazameni, hata fakiri hakusamehewa. Amepunguziwa tu.

Basi kwake twasema: rudi kwa kadhi yule yule, umwoneshe hesabu za shamba lako, umwombe apunguze kiwango au akuruhusu utoe gunia la mahindi badala ya fedha, na makubaliano hayo yaandikwe mahakamani. Njia hiyo mara nyingi huwa fupi na nafuu kuliko rufani. Ukitaka rufani, endelea nayo, lakini endelea kulisha.

Na kwako mama: weka nakala ya amri, andika kila ulichopokea na tarehe yake, na hifadhi ujumbe wa simu wa fedha zilizotumwa. Asipotoa, nenda mahakamani uombe amri itekelezwe. Kiwango kikiwa kidogo mno, nawe pia una haki ya kuomba kiongezwe, au kukata rufani ndani ya muda.

Hind bint Utba (R.A.) alimshitakia Mtume (S.A.W.) ubahili wa mumewe, Abu Sufyan. Mtume hakumwambia asubiri. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema.

Tulimjibu mama yule kwamba watoto hawali rufani, na tukawaomba wazee wa msikiti wamwendee baba yao kabla ya Ijumaa. Kesi ingali mahakamani na mwisho wake hatuusemi. Lakini njaa ya mtoto haina tarehe ya kutajwa.

Wabillahi taufiq.